Mwaridi wa Kale Uwani Kwetu



Katika harusi moja ya jamaa zetu hapa Mombasa palitakiwa mawaridi ya kuchanganywa na asumini na mrehani katika vikuba vya bi harusi. Wakati ulikuwa mfinyu, basi vijana wakatumwa dukani, wakarudi na mafungu mawili ya mawaridi mekundu yenye vikonyo virefu, yote ya kimo kimoja, yamenyooka kama askari wa gwaride. Macho yaliridhika. Shangazi yetu, ambaye amewapamba maharusi tangu sisi tukiwa watoto wa chuoni, alichukua moja, akalisogeza puani, akangoja kidogo, kisha akalirejesha sinia yake. Akauliza, "Hili ni waridi au ni karatasi?"

Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa sote tulikuwa tumekwisha kulinusa na tukanyamaza. Usiku ule vikuba vilifungwa kwa asumini na mrehani peke yake.

Si haki kuyalaumu mawaridi yale. Yamekuzwa katika mashamba makubwa ya bara, pande za Naivasha na kwingineko, kwa ajili ya safari ndefu za ndege na siku nyingi ndani ya chombo cha maji. Wakuzaji waliochagua mbegu kizazi baada ya kizazi walitafuta kikonyo imara, petali nene na ua lisilonyauka upesi. Harufu haikuwamo katika orodha ya matakwa yao, nayo ikapotea njiani. Mwaka 2015 wataalamu wa Ufaransa walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mwaridi una kimeng'enya maalumu kinachousaidia kutengeneza sehemu kubwa ya harufu yake, na kwamba katika mawaridi yasiyonukia chembe ya urithi ya kimeng'enya hicho imelala, haifanyi kazi. Kwa hiyo shangazi hakukosea sana. Lile lilikuwa waridi kweli, ila lilikuwa limesahau jambo moja.

Waridi alilokuwa akilikumbuka yeye, nasi tulilikumbuka. Lilikuwa uwani kwa nyanya yetu, Mji wa Kale, pembeni mwa birika, mahali ambapo jua la asubuhi huingia juu ya ukuta na kuondoka kabla ya adhuhuri. Mti wenyewe haukuwa na umbo la kujivunia. Ulitanuka ovyo, ulishika nguo za wapitao, na kila mwaka kulikuwa na mtu aliyependekeza ung'olewe ili pawekwe kamba ya kuanikia. Maua yake yalikuwa ya rangi ya waridi iliyopauka, petali nyingi zilizobanana kama kurasa za kitabu kilicholowa, na shingo yake ilikuwa dhaifu hata ua likiinama. Lakini alfajiri, mlango wa uwani ukifunguliwa, harufu iliingia ndani ya nyumba kabla ya mtu yeyote kutoka. Nyanya alichuma machache, hakuyachuma yote. Mengine yalikwenda kwenye vikuba, mengine kwenye sahani ya maji chumbani, na yaliyokaribia kupukutika alianika petali zake kivulini juu ya ungo, akazitia katika sanduku la nguo za Idi.

Wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa nafasi ya marashi majumbani mwetu. Mrashi wa fedha au wa shaba wenye shingo ndefu ungalipo katika kabati nyingi za Lamu na Mombasa, hata kama sasa umekuwa pambo. Katika maulidi wageni hunyunyiziwa, bi harusi hunyunyiziwa, halwa hutiwa, sharubati hutiwa, na maiti naye haachwi bila kitu kinukiacho. Tumezoea kuyafikiria marashi kama kitu kitokacho chupani, nayo chupa ni kitu kitokacho dukani. Watoto wetu wengi hawajapata kuliona waridi ambalo lingeweza kutoa marashi. Hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Waridi la marashi lijulikanalo zaidi duniani ni lile liitwalo waridi la Dimishki. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba chanzo chake ni mchanganyiko wa miwaridi mitatu, mmoja wao ukiwa na asili ya Asia ya Kati. Ndilo likuzwalo Taif, kwenye milima ya Hijaz, na ndilo likuzwalo juu ya Jabal Akhdar kule Oman, ambako ndugu zetu wengi wana jamaa. Huko huchumwa alfajiri katika majuma machache tu ya mwaka, kuanzia mwisho wa Machi, kisha hupikwa na mvuke wake ukakusanywa. Inakadiriwa kwamba kilo moja ya mafuta safi ya waridi huhitaji tani 3 hadi 4 za maua. Mtu akiuziwa "mafuta halisi ya waridi" kwa bei ya soda, na afikiri mwenyewe.

Mjomba wetu mmoja aishiye Muscat aliposikia kwamba tunatafuta waridi linukialo, alituambia kwa ukarimu wake kwamba angetuletea mche kutoka Jabal Akhdar. Tulimshukuru, tukamwomba asilete. Kwanza, mmea hauingii nchini mkobani. Unahitaji kibali cha idara ya afya ya mimea, KEPHIS, na sababu yake ni njema, kwani ugonjwa mmoja wa mimea waweza kuharibu shamba la asiyehusika. Pili, na hili ndilo watu wengi wasilolijua, mwaridi wa Dimishki ni mti wa mlimani. Taif na nyanda za juu za Jabal Akhdar ziko mita 1,800 hadi 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko kuna kipupwe cha kweli, na mti hulala wakati wa baridi ndipo uamke na maua. Ukiuleta Mombasa, ambako hata mwezi wa Julai usiku hauna baridi ya kutaja, hubaki ukitoa majani mwaka hadi mwaka ukingoja majira yasiyofika.

Kumbe jibu lilikuwa limezaliwa katika bahari yetu wenyewe. Kusini-mashariki kwetu, ng'ambo ya Madagaska, kuna kisiwa kiitwacho Réunion, ambacho zamani Wafaransa walikiita Bourbon. Wakulima wa kisiwa hicho walikuwa na desturi ya kuzungushia mashamba yao ugo wa miwaridi ya aina mbili: mmoja wa Dimishki uchanuao zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mwingine wa Kichina, wa waridi iliyopauka, usiojua kupumzika. Miwili hiyo ikichanganyikana kwa kazi ya nyuki, ukaota mti wa tatu ambao hakuna aliyeupanda kwa makusudi. Mtaalamu wa mimea aitwaye Bréon, aliyefika kisiwani mwaka 1817, aliutambua, na mwaka 1819 mbegu zake zikapelekwa Ufaransa kwa Jacques, mtunza bustani wa mtawala wa Orléans. Ukoo mzima wa miwaridi ya Bourbon ukatokana na hapo. Mmoja wao, Rose Edouard, ulipata makao mapya Bara Hindi, na hadi leo hulimwa huko kwa ajili ya makoja na maji ya waridi.

Kwa hiyo huu ni mti uliorithi harufu ya mama wa Kiarabu na uvumilivu wa baba wa Kichina, nao ukazaliwa kisiwani, karibu na chumvi na joto. Tulipolinganisha tabia zake na zile za mwaridi wa nyanya, yaani kuchanua karibu mwaka mzima, shingo laini, petali nyingi na matawi marefu yasiyotii, tuliona kwamba haya ni mambo ya ukoo huu. Msomaji atafutaye mche kwa wauza miche asiulize rangi kwanza. Aulize waridi la kizamani, la Bourbon au la Kichina, na asilipie kabla ya kunusa ua lililofunguka saa za asubuhi.

Sasa tueleze kosa letu, maana lina mafunzo kuliko kila tulichofanya vizuri.

Nyanya alipofariki, nyumba ilibaki mikononi mwa warithi wengi. Mirathi iligawanywa, na baada ya miaka ikauzwa. Mnunuzi alikuwa mtu mwema. Alituambia wazi kwamba uwani ungepigwa saruji, na akatupa majuma matatu. Miaka yote tulikuwa tukisema, "Tutachukua vipandikizi vya ule mwaridi." Tulisema hivyo Idi hata Idi. Basi tukakurupuka mwisho wa Januari, kaskazi kikiwaka, tukakata vijiti ishirini na viwili. Tulikata vilivyokuwa vichanga na vya kijani kwa kuwa vilionekana kuwa na uhai zaidi. Tulivipanda juani. Tulivimwagilia maji ya kisima cha mtaa, yenye chumvi. Na tulifanya jambo ambalo kila mwenye pupa hulifanya: tulikuwa tukivichomoa kuangalia kama vimeota mizizi.

Katika siku kumi vilikuwa vijiti vya kuwashia moto. Tulikwenda tena uwani kukata vingine, tukakuta saruji imekwisha kukauka.

Vilisalia viwili tu. Hivyo mama yetu mdogo alikuwa amevichomeka ndani ya kopo la samli lenye matundu, akaliweka nyuma ya mlango wa jikoni penye kivuli, kisha akavisahau. Maji yake yalikuwa yale ya kuoshea mchele. Mwezi wa Aprili vilitoa majani, na mmoja wetu, ambaye hatutamtaja, alilia mbele ya kopo la samli.

Baadaye tuligundua kwamba hata kama vile viwili vingekufa, mwaridi usingepotea. Mama mmoja wa mtaa wa pili, jirani wa zamani wa nyanya, alituita tuuone wa kwake juu ya dari, ndani ya pipa lililokatwa. Alipewa kijiti na nyanya alipojifungua mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo sasa ana wajukuu. Tulipolinusa ua lake, shangazi hakusema kitu. Alikaa chini juu ya ngazi.

Tangu hapo tumejifunza kazi hii taratibu. Msimu wa kuchukua vipandikizi katika pwani yetu ni Julai na Agosti, wakati wa kusi, hewa ikiwa imepoa. Chagua tawi ambalo ua lake limekwisha kupukutika, unene wa kalamu ya risasi, si changa wala si gumu kama kuni. Kata urefu wa shibiri moja, chini kidogo ya jicho la jani, ukibakisha macho matatu au manne. Ondoa majani yote ila mawili ya juu. Chomeka theluthi mbili ya kijiti katika mchanga wa mtoni uliochanganywa na makumbi ya nazi yaliyosagika, nusu kwa nusu, kisha ufunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili unyevu usitoroke. Weka kivulini penye mwanga. Majuma sita hadi manane hupita kabla ya mizizi kushika, na katika muda huo mikono ibaki mbali. Mizizi ikichungulia katika tundu la chini, ndipo mche uhamishwe. Usihangaike na mbegu. Mbegu ya waridi haitoi mtoto aliyefanana na mama, bali kijiti ni mama yuleyule.

Adui wa mwaridi hapa pwani ni chumvi. Onja maji yako. Ukihisi chumvi ulimini, mwaridi umekwisha kuihisi zamani, na kingo za majani yake zitaanza kukauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Maji ya mvua ndiyo bora. Pipa moja chini ya mlizamu wakati wa masika hufika mbali. Maji ya kuoshea mchele ni mazuri, na yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi. Mwenye kisima pekee asikate tamaa, lakini kila apatapo maji matamu ayamimine kwa wingi chunguni mpaka yatiririke chini, ili chumvi iliyojikusanya ioshwe, wala asiweke sahani chini ya chungu ya kuirudisha. Makumbi nayo yana hila yake: yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba yamelewa maji ya bahari, kwa hiyo yalowekwe na kubadilishwa maji mara tatu nne kabla ya kutumiwa.

Jambo la pili ni udongo. Kisiwa chetu kimekaa juu ya tumbawe, na tumbawe ni chokaa. Mwaridi uliopandwa katika udongo wa chokaa huona njaa ilhali chakula kiko mbele yake. Majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, ishara kwamba mti hauwezi kufyonza madini ya chuma. Ndiyo sababu tunapendekeza chungu kuliko ardhi, hata kwa mwenye ardhi. Chungu kiwe na upana na kina cha sentimita 45 hivi, kiwe na matundu, na kiinuliwe juu ya mawe. Cha udongo ni bora. Cha plastiki nyeusi huchemsha mizizi mchana wa kaskazi. Ndani yake weka sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi iliyooza vizuri, na moja ya makumbi yaliyooshwa. Vifusi vya ujenzi visitiwe chini, kama wengi wafanyavyo, kwani vifusi ni chokaa tupu.

Mwaridi wataka jua la saa sita hivi, na hapa kwetu jua la asubuhi ndilo la rafiki. Ukuta wa kuukinga na upepo wa bahari utausaidia. Maji yapewe shina asubuhi mapema, si majani na si jioni. Ukungu uletao madoa meusi kwenye majani huhitaji jani lililolowa kwa muda wa saa saba au zaidi ili uote. Jani likauke upesi, na ugonjwa hukosa mlango. Wakati wa masika madoa yatakuja tu. Okota majani yaliyoanguka, uyatupe mbali, na usifadhaike, maana mti huu huvua nguo na kuvaa nyingine. Utitiri wa kiangazi huoshwa kwa maji chini ya majani, na vidukari kwa kijiko cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji. Dawa kali za dukani hatuzitumii kabisa, kwa kuwa petali zetu zinakwenda jikoni.

Kwa sababu hiyohiyo tunamwomba msomaji asipike wala kula mawaridi ya maduka ya maua. Hayo yamenyunyiziwa dawa kwa ajili ya kutazamwa, hayakukusudiwa kinywani.

Kupogoa si kwa ukali. Mti usiolala baridi haupaswi kukatwa hadi kisiki kama vitabu vya Ulaya visemavyo. Kila Agosti ondoa matawi makavu, punguza theluthi moja, na vile vijiti vyenye afya ndivyo vipandikizi vyako. Matawi marefu usiyakate. Yainamishe, uyafunge kwa kitambaa laini kwenye chuma cha dirisha. Tawi lililolazwa huchanua katika kila jicho, lililosimama huchanua nchani tu. Hivyo ndivyo uwani mdogo unavyopata maua mengi pasipo kuongeza chungu. Mkono mmoja wa samadi kila mwezi unautosha.

Maua huchumwa baada ya swala ya alfajiri, yakiwa nusu yamefunguka, kwa maana jua likipanda harufu huondoka nalo. Mwenye kumi na tano au ishirini aweza kupika marashi ya nyumbani. Petali huwekwa katika sufuria pamoja na maji ya kuzifunika tu. Katikati huwekwa bakuli juu ya jiwe safi. Kifuniko hugeuzwa kichwa chini na kutiwa barafu juu yake. Moto uwe mdogo. Mvuke hugonga ubaridi, hudondoka bakulini, nayo ndiyo marashi. Sisi hukoma tupatapo vikombe viwili vidogo vya kahawa, kwani yazidipo huwa maji tu. Hutiwa katika chupa safi, yakakaa kwenye jokofu, na hutumiwa ndani ya majuma mawili. Halwa hatujajaribu kuipika wenyewe. Marashi yetu huishia katika sharubati na katika mrashi wa nyanya, ambao tuliusugua kwa ukwaju hadi ukang'aa.

Hivi sasa ile miwili ya kopo la samli iko katika vyungu viwili, mmoja umefika dirishani. Kusi hiki tulichomeka vijiti kumi na viwili, tukapata miche mitano. Mmoja ulirudi kwa yule mama wa mtaa wa pili, kwa sababu pipa lake limezeeka. Mitatu ina wenyewe. Wa tano bado uko nyuma ya mlango wa jikoni, na shangazi amekwisha kulifunga kopo lake uzi mwekundu, eti lisichukuliwe kwa makosa: mjukuu wake anaolewa mwakani, naye hataki kusikia habari za duka la maua.